Trei ya Miche Hupimwa kwa Pembe

Ukiingia agroveti yoyote kati ya Kondele na Ahero, huku kwetu Kisumu, utakuta trei za miche zimepandana, zote nyeusi, zote zinang'aa. Chomoa moja. Ishike kwa pembe, uinyanyue kwa mkono mmoja. Ikilegea ikiwa tupu, basi iache hapo hapo. Trei ya vishimo 128 ikishajaa mboji iliyoloa hufika kilo 3 hivi, na trei dhaifu hujikunja katikati ukiibeba: mboji inapasuka, mizizi ya nyanya iliyokuwa imeanza kushika inakatika, nawe hujui mpaka miche inyauke shambani.

Kisha kunja ukingo kidogo, uachie. Plastiki njema hurudi ilivyokuwa. Ile mbovu hubaki na mstari mweupe, na hapo ndipo itakapopasukia. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua letu halina huruma kwa plastiki. Trei nyembamba iliyoachwa nje msimu mmoja huvunjika kama biskuti. Muulize muuzaji kama imetiwa kinga ya jua, lakini muulize pia jirani aliyeitumia misimu mitatu. Mimi humwamini zaidi jirani.

Sasa igeuze. Tundu la chini lipitishe maji upesi na liwe na nafasi ya kusukuma mche kwa kijiti au kidole. Kuta za kishimo ziwe laini, zikipungua upana kuelekea chini, ili mche utoke na udongo wake wote. Maji yakituama, miche huoza shingoni na kulala kitaluni.

Muuzaji atakusifia trei ya vishimo 200 kwamba inaokoa nafasi. Kwa kabichi sawa. Nyanya na pilipili hoho hubanana mno humo. Mimi sivuki 128.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni usafi, kwa sababu trei inayodumu hubeba pia ugonjwa uliodumu. Mnyauko wa bakteria unawatesa wakulima wa nyanya, nao husafiri na udongo. Trei yenye mikwaruzo na kona zilizochongoka huficha udongo huo. Kwa hiyo chagua ile ambayo kitambaa kinafika kila kona. Baada ya kila msimu isugue, iloweke nusu saa katika dawa ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa 9 za maji, suuza, anika kivulini. Usiiweke chini kamwe. Ipandishe juu ya kichanja.

Asiye na fedha akate mtungi wa lita 20 ubavuni na autoboe chini. Plastiki yake ni imara kweli, ila mizizi itasukana, na siku ya kuhamisha miche itaumia.

Pesa ikitosha trei mbili nyembamba au moja nene, nunua ile nene.