Vibao vya Dabasir

Kila aliyewahi kuniazima The Richest Man in Babylon alinisisitizia sehemu ileile: Arkad, tajiri wa mji, anawaambia watu watenge moja ya kumi ya kila wanachopata kabla ya kumlipa mtu mwingine yeyote. Fungu la kumi, ila safari hii unajilipa mwenyewe. Ushauri ni mzuri. Ni mfupi pia. Ungetosha nyuma ya tiketi ya daladala.

Visa hivi havikuzaliwa kitabu. George S. Clason alianza mwaka 1926 kuviandika kama vijitabu, na benki na kampuni za bima za Marekani zikavigawa kwa wateja. Ukilijua hilo, sauti ya Arkad inabadilika kidogo masikioni. Anayekuhimiza uweke akiba ndiye mwenye dirisha la kuipokea.

Ninayoirudia mimi ni sura ya vibao vya udongo vya Dabasir, mfanyabiashara wa ngamia aliyewakimbia waliomdai hadi akaishia utumwani Siria. Anaporudi Babeli hahubiri, anaorodhesha: mfumaji anamdai kiasi gani, mwenye nyumba kiasi gani, rafiki kiasi gani, mpaka sarafu za shaba. Kisha anagawa kipato: saba za kumi za kuishi, moja ya akiba, mbili za kuwapunguzia wote kila mwezi. Anawaendea mmoja mmoja. Wengine wanakubali, rafiki anamtukana, mwenye nyumba anakuwa mkali. Hapo Clason anaandika kama mtu anayejua uso wa mdai ukoje.

Nimeijaribu hesabu hiyo Dar es Salaam kwa mshahara wangu wa laki sita: 420,000 matumizi, 60,000 akiba, 120,000 madeni. Chumba ni laki moja kwa mwezi, lakini mwenye nyumba hataki ya mwezi. Anataka miezi sita kwa mpigo, yaani mshahara mzima usionunuliwa hata chumvi. Akiba ya Arkad kwa muda huo inafika 360,000 tu, nayo hakukusudia iguswe. Njia ya Dabasir inasimama: mwandike mwenye nyumba kwenye orodha ya wanaokudai tangu siku unayohamia, na laki yake itoke kila mwezi iende mahali usipopafikia kwa simu. Akina mama wa mtaani kwetu wanalifanya hilo bila Babeli. Wanamwomba kijumbe zamu yao ya upatu iangukie mwezi wa kodi.

Kinachonikera ni utumwa. Clason anaufanya shule ya tabia: mtu anaingia mtumwa, anatoka amejifunza kujiheshimu. Msomaji wa pwani hii, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, haupiti mfano huo kirahisi. Na chini yake kuna dai kwamba mwenye deni amejitakia. Aliyekopa kausha damu ili mtoto alazwe hospitali hakukosa tabia, alikosa bima.

Na ndugu? Mdogo wangu yuko chuo, sehemu ya ada yake naitoa mimi, kwa hiyo kisa cha Rodan nilikisoma polepole. Rodan, fundi mikuki, amezawadiwa na mfalme vipande 50 vya dhahabu, na dada yake anamwomba amkopeshe mumewe mtaji. Anakwenda kwa Mathon, mkopeshaji, ambaye anataka kujua: huyo shemeji ana ujuzi gani wa biashara? Atanunua wapi, atauza wapi? Maswali ni sahihi na nayatumia. Lakini dada mwenyewe haonekani mle ndani, na kwa Mathon undugu una mlango mmoja tu, wa pesa kutokea. Hakuna anayeuliza nani alimbeba Rodan mgongoni alipokuwa mdogo.

Saba za kumi za Dabasir hazina mstari wa mdogo wangu. Nimeuchora, kati ya gesi na nauli, laki moja. Zinabaki laki tatu na ishirini, na gesi iliisha jana.