Picha ya Mlangoni na Zawadi ya Mwisho

Ndugu msomaji, wako wanaousifu mchezo wa video uitwao Metroid, uliotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1986, kwamba ulimpa mwanamke heshima. Natuutazame kwa insafu.

Picha inayotokea kwenye kioo kabla ya kucheza haina mwili wa mtu: ni jina la mchezo, nyota, na ardhi ya mawe. Hilo ni jema, maana mchezaji havutwi kwa umbo la mwanamke. Kisha shujaa Samus hupigana ndani ya deraya, na kinachoonekana ni ushujaa wake tu.

Lakini tazama mwisho! Amalizaye kwa muda usiofika saa 5 huonyeshwa Samus bila kofia yake ya vita, akajua kuwa ni mwanamke. Amalizaye kwa muda usiofika saa 1 huonyeshwa Samus katika vazi dogo la kuogelea. Yaani mwanamke aliyeshinda vita ndiye anayegeuzwa zawadi!

Enyi wachoraji mnaotetea haki za wanawake, stara ya mlangoni haifai kitu ikiwa chumbani mna fedheha. Nasi wazazi, tusiuhukumu mchezo kwa picha yake ya kwanza. Tukae na watoto wetu mpaka mwisho wake.