Mapigo Yamelingana, Maneno Yamegombana: Uhakiki wa Video ya Kwanjula

Katika makala haya tunahakiki kazi ambayo kwa kawaida haihesabiwi kuwa kazi ya sanaa, nayo ni video ya sherehe ya familia. Video yenyewe ina dakika 22. Inaonyesha kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ambapo kijana hutambulishwa rasmi kwa wazazi wa binti, na mpwa wetu alitengenezewa na fundi mmoja wa hapa Kampala. Tumeichagua kwa sababu ndani yake Kiswahili kimetumika dakika nne tu, na dakika hizo nne nusura zituharibie undugu.

Tuanze kwa kumtendea haki fundi. Wimbo aliouweka ni Malaika, katika toleo jipya la kinanda na ngoma za mashine, lenye mapigo 100 kwa dakika. Kamera ilirekodi fremu 25 kwa sekunde. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba pigo moja huchukua sekunde 0.6, yaani fremu 15 kamili. Wimbo wa mapigo 120 ungempa fremu 12 na nusu kwa kila pigo, na nusu fremu haikatiki. Angelazimika kuhesabu mapigo mawili mawili. Fundi huyu alikata kila baada ya mapigo manne, sekunde 2.4, wala hakukosea hata mara moja. Vikapu vinaingia, gomesi zinapita, kanzu zinapita, jogoo wa shemeji anakabidhiwa, na kila picha inabadilika ngoma inapolia. Zamani, mtu aliyetumia Windows Movie Maker katika kompyuta za Windows XP alihitaji subira kubwa kufikia ulinganifu wa namna hii. Leo zipo programu za simu zinazotambua mapigo zenyewe na kuweka alama mahali pa kukata. Kwa upande wa sikio na jicho, basi, kazi ni safi.

Kasoro ilidhihirika siku tulipoitazama video hiyo sebuleni kwa wazazi wa binti. Nyanya yake bi harusi, aliyelelewa Mombasa, alikuwa ameketi karibu na televisheni. Vikapu vilipoanza kuingia aliinua kichwa akauliza kwa Kiswahili, "Wanangu, kwani mahari haikutimia?"

Tulioelewa swali tulikuwa watatu tu. Hatukujibu upesi, kwa maana ni kweli kulikuwa na ng'ombe wawili ambao upande wetu ulikuwa umeomba muda wa kuwaleta. Baba yake binti akataka atafsiriwe. Shemeji yetu, baba yake kijana, akadhani tunasutwa mbele ya watu. Ilibidi tutumie muda mrefu kueleza kwamba mama hakukusudia kumdai mtu, bali alikuwa amesikiliza wimbo. Hatimaye mmoja wetu akasema, "Tusamehe, Mama, ni wimbo tu." Kauli hiyo ndiyo tunayoipinga katika makala haya.

Nyanya hakukosea. Katika Malaika mnenaji ni mwanamume anayempenda msichana kwa dhati, lakini ameshindwa kumwoa kwa sababu hana mali, na ufukara huo unamtesa moyoni. Ni maombolezo ya mtu ambaye arusi yake haikufanyika. Fundi aliyaweka maombolezo hayo juu ya picha za mali ikibebwa vichwani na kupangwa mkekani. Jicho linaambiwa kwamba mahari imeletwa, sikio linaambiwa kwamba haikupatikana. Anayejua lugha lazima aulize ni kipi kweli.

Yafaa kujiuliza kosa hili limetoka wapi. Wimbo huu ulivuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya katika miaka ya 1960, ingawa suala la nani hasa aliutunga limebishaniwa kwa muda mrefu. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka katika albamu yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M. likaurekodi mwaka 1981. Ukasafiri hadi kwa watu wengi wasiojua Kiswahili, ambao waliupokea kwa lahani yake tamu na kwa neno lake la kwanza. Neno hilo ni la mapenzi, kwa hiyo wimbo wote ukadhaniwa kuwa wa arusi. Hapa Uganda hali ni hiyo hiyo. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini katika sherehe zetu nyingi Kiswahili bado husikika kama ala ya muziki, si kama lugha inayosema jambo.

Huenda mhakiki mwingine akamtetea fundi kwa nadharia. Mwaka 1928, sauti ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia katika sinema, Sergei Eisenstein na wenzake wawili wa Urusi, Pudovkin na Aleksandrov, walitoa tamko lililohimiza kwamba sauti isifuate picha kama mkia, bali ipingane nayo, ili maana mpya izaliwe katika mgongano huo. Je, maombolezo ya fukara juu ya vikapu vya mahari si mgongano wa aina hiyo? Tunakubali kwamba ungeweza kuwa. Mtu angeweza kuhariri video akiwakumbuka kwa makusudi vijana walioshindwa kufika siku kama hii. Hata hivyo, mgongano huwa sanaa pale tu mtunzi anapoujua. Eisenstein mwenyewe, alipotengeneza filamu ya Alexander Nevsky mwaka 1938, alifanya kazi bega kwa bega na mtunzi wa muziki, Sergei Prokofiev. Mara picha zilikatwa kwanza na muziki ukatungwa kuzifuata, mara muziki ulitangulia na picha zikaufuata. Kila mmoja alijua mwenzake anasema nini. Fundi wetu hakujua.

Kwa kuwa kukosoa bila kutenda ni rahisi, tuliomba vipande vyote vya picha ambavyo havijahaririwa, tukakaa na mwanafunzi wetu mmoja kutengeneza toleo la pili. Tulichagua wimbo wa taarabu wa kusifu ndoa, wenye beti za mishororo mitatu. Kabla ya kugusa kompyuta tuliandika maneno yote karatasini, na pembeni mwa kila mshororo tukaandika sekunde unapoanza na unapokwisha. Kisha tukakata picha kwenye kina cha mwisho wa mshororo badala ya kwenye pigo la ngoma.

Tulijifunza jambo ambalo darasani hulisema bila kuliona. Mizani inaweza kuwa sawa karatasini, lakini mwimbaji huirefusha atakavyo, hasa kwenye kina. Mshororo mmoja ulichukua sekunde saba, mwingine tisa. Picha nazo zikakaa muda huo. Katika toleo la fundi mama yake binti anapita kwa sekunde 2.4, mwanamke mmoja miongoni mwa wengi waliovaa gomesi. Katika toleo letu anaonekana akitabasamu, kisha akifuta macho, kisha akigeuka asionekane. Yote hayo yalikuwamo katika kamera tangu mwanzo.

Toleo letu nalo lina dosari, na haki inatutaka tuzitaje. Ubeti wa mwisho wa wimbo ule uliwageukia mahasidi kwa vijembe. Tukaukata, tusije tukawatupia wakwe mpasho. Lakini kibwagizo kilikuwa baada ya ubeti huo, kwa hiyo wimbo wetu unakoma ghafla kama sentensi iliyokosa kitenzi. Tulipaswa kuchagua wimbo mwingine, kwa maana shairi halikatwi kama kitambaa. Dosari ya pili ni kubwa zaidi. Tulifuata mfano wa fundi tukaacha muziki ufunike hotuba ya msemaji wa upande wa binti, ilhali katika kwanjula utani na ufasaha wa wasemaji wawili ndio roho ya sherehe.

Mwanafunzi wetu ndiye aliyetukosoa. Tukaondoa muziki mahali pale, tukabakiza sauti ya siku yenyewe, pamoja na vigelegele na kikohozi cha mtu asiyejulikana. Tuliporudi kuwaonyesha wenyeji, nyanya hakusema lolote kuhusu wimbo. Aliomba irudishwe nyuma pale msemaji alipomtaja marehemu mume wake. Siku ya kwanza hakuwa amelisikia jina hilo, kwa sababu lilimezwa na ngoma. Ilirudishwa mara tatu.

Hitimisho letu ni kwamba anayelinganisha muziki na picha ana kazi tatu, na mpangilio wake una maana. Kwanza aelewe maneno ya wimbo yanasema nini, na yanasemwa na nani kwa nani. Pili aangalie mishororo inaishia wapi. Mwisho ahesabu mapigo. Fundi alianza na kuishia kwenye kazi ya tatu. Sisi tulianza na ya kwanza, tukajikwaa kwenye ya pili.

Tunapendekeza walimu wenzetu walijaribu zoezi hili katika somo la ushairi. Mwanafunzi alete video ya dakika moja ya nyumbani kwao, achague wimbo wa Kiswahili, aandike maneno yake yote, kisha aeleze mbele ya darasa kwa nini kila picha imewekwa chini ya mshororo ule na si mwingine. Hakuna gharama zaidi ya simu, ambayo wengi wao wanayo. Na kwa wanafunzi wetu ambao tayari hulipwa kuhariri video za arusi mwishoni mwa juma, tunasema hivi: mkipewa wimbo msioujua maana, ulizeni kwanza. Huenda yuko sebuleni mtu mmoja atakayeuelewa.