Waya na Kalamu ya Risasi

Ni mara ngapi sisi walimu tumesema juu ya mtoto: "Huyu hasikilizi, kichwa chake kigumu"? Mimi nalisema hivyo hapa Baraka, nikamrudisha mtoto nyuma, asipokee Komunyo ya kwanza pamoja na wenzake. Kisha nikamkuta nyuma ya nyumba yao, anatengeneza motokari ya waya yenye magurudumu ya kandambili kuukuu. Muda wote niliosimama pale hakuinua macho. Kumbe usikivu alikuwa nao. Ni mimi niliyeutafuta mahali pasipo pake.

Jambo hili alilipima Robert Serpell, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Zambia, nchi inayogusa ziwa letu upande wa kusini. Katika kazi aliyoitoa mwaka 1979 aliwalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Aliwapa maumbo wayaige. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, wa Lusaka walishinda. Kwa udongo walilingana. Maana yake, mtoto huonyesha akili katika kile ambacho mikono yake imekizoea.

Kazi hiyo ni njema, tena inamfundisha mpimaji unyenyekevu. Lakini naona upungufu mmoja. Waya ni mchezo wa wavulana zaidi. Je, msichana anayesuka mkeka na kulea wadogo zake, tumpime kwa nini?

Serpell alikaribia jibu katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya shule na Wachewa wa mashariki mwa Zambia. Kwao neno nzelu, yaani akili, lina sehemu mbili: werevu, na uaminifu wa mtoto anayetumwa akatimiza. Wazee wetu wa Fizi hawatashangaa kusikia hayo. Wanajua vema ni mtoto yupi wa kumtuma sokoni na fedha.

Lakini tusipotoke. Mtihani wa shule haufanywi kwa waya. Kalamu lazima tuwafundishe, kwa bidii na uvumilivu. Ila tusiwahukumu kwa kalamu peke yake.

Basi, mwalimu mwenzangu, kabla hujamwita mtoto mjinga, nenda kwanza kwao ukamtazame kazini na mchezoni. Mimi nalikwenda nikiwa nimechelewa, ikanipasa kumwomba radhi mbele ya mama yake.