Juu ya Kufasiri Maneno ya Mapenzi

Wafasiri wetu wamezoea kuulizana visawe vya istilahi za sheria, za uganga na za kilimo. Ni mara chache wanapoulizana juu ya maneno ambayo Waingereza huitana kwa upendo, kama vile "dear", "darling", "honey" na "sweetheart". Maneno hayo hudhaniwa kuwa mepesi, na kwa hiyo yote hupewa kisawe kimoja, "mpenzi". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro yenyewe si ya msamiati peke yake.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini usio mbali na maisha ya watu. Kagunga ni kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika hapo wakikimbia machafuko ya kwao. Wengi walichukuliwa kwa meli ya Liemba hadi Kigoma, kisha wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2007, maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 walikuwa wamehamishwa kutoka Tanzania hadi Marekani. Hivyo basi, si ajabu ukoo mmoja kuwa na watu ziwani na ng'ambo ya bahari.

Tuseme kijana aliyekulia Marekani, ambaye lugha anayoiandika vizuri ni Kiingereza, amemwandikia barua bibi yake aliyeko Kagunga. Katika mstari wa kwanza amemwita "darling". Mwalimu wa kijiji anaombwa aisome barua hiyo kwa Kiswahili mbele ya bibi, wakwe na majirani. Mwalimu akitamka "Mpenzi wangu Bibi", baadhi ya wasikilizaji watacheka na wengine watainamisha macho. Bibi aliyengoja salamu kwa miaka mingi atakuwa amepewa aibu mahali pa salamu.

Kosa liko wapi? Kwanza, neno "mpenzi" limebana maana. Katika barua za Waswahili za karne ya 19, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, mtu mzima aliweza kumwita mwenziwe "muhibu" bila ya yeyote kushtuka, hata kama shauri lenyewe lilikuwa la biashara. Siku hizi masikio ya wengi yakisikia "muhibu", "laazizi" au "mpenzi" hukimbilia kwa wachumba. Mfasiri hawezi kuyaamuru masikio hayo yarudi nyuma.

Pili, na hili ndilo kubwa, Kiswahili hakiweki upendo katika majina ya sifa peke yake. Huuweka pia katika udugu. Mama humwita mwanawe mdogo wa kiume "baba", na wa kike "mama". Katika jamii zetu nyingi bibi humtania mjukuu wake kwa kumwita "mume wangu", naye mjukuu hujibu "mke wangu", na hakuna anayeona haya. Mtu na mkewe, wakiwa mbele za watu, wataitana kwa jina la mtoto wao: baba Fulani, mama Fulani. Asiyejua atadhani hapo pana ukavu. Ajuaye atasikia mapenzi yaliyovaa heshima.

Tatu, kuna maneno ambayo sarufi yenyewe hutoa hukumu. Wapo wanaoamini kuwa "honey" haifasiriki ila kwa kulegeza maana. Lakini Kiswahili kina "asali wa moyo". Tazama kiungo "wa". Asali ya mzinga ni "ya", ila asali anayependwa amekwisha ingia katika ngeli ya watu. Kwa upande mwingine, "sweetheart" likifasiriwa sehemu kwa sehemu huzaa "moyo mtamu", ambao unafaa zaidi jikoni kuliko katika barua.

Kasoro hiyo hiyo imeingia maofisini. Neno "dear" linalotangulia barua ya Kiingereza ya kiserikali halina mapenzi yoyote. Ni adabu tu. Hata hivyo twaona barua zinazoanza "Mpendwa Bwana", na baada ya hapo mpendwa huyo anaarifiwa kuwa ombi lake limekataliwa. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 ofisi zetu zilitumia "Ndugu", na msomaji atakubaliana nasi kwamba hata hapo lugha ilikwenda kutafuta adabu yake katika ukoo.

Yawezekana mtu akatupinga kwa kusema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kubadili aliyosema mwandishi. Twakubali. Kwa sababu hiyo hatumshauri mwalimu wetu wa Kagunga amtilie kijana utani wa "mke wangu", maana kijana hakuutania. Lakini kuweka "mpenzi" nako ni kubadili, tena kwa ubaya zaidi, kwa kuwa kunamvika mjukuu nia asiyokuwa nayo. "Bibi yangu kipenzi" ingetosha. Kiambishi "ki-" hapo hakidunishi. Humfanya bibi awe wa kuenziwa, na udugu wake unabaki mahali pake.

Tunapendekeza basi kwamba orodha zetu za istilahi zisiyaandike maneno haya katika safu mbili tu, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Hapana budi iwepo safu ya tatu, ya kueleza nani anamwita nani, na mbele ya nani. Kazi hiyo itaongeza kurasa chache. Faida yake ni kwamba mwalimu atakapoikunjua barua ile ukingoni mwa ziwa, bibi atasikia sauti ya mjukuu wake.