Siku ya kuvaa kila mtu apendavyo

Ninyi nyote mwajua desturi hii. Mwaka mzima wanafunzi wetu wa Kongo huvaa nyeupe na buluu: shati au blauzi nyeupe, suruali au sketi ya buluu. Kisha yafika sikukuu ya mafundisho, tarehe 30 Aprili, au siku ya kutangaza matokeo mwishoni mwa mwaka, naye direkta anasema kwamba kesho mavazi ni huru. Watoto wanapiga kelele za furaha. Sisi hatukufurahi sana.

Hatusemi siku hiyo ifutwe. Mtoto apenda kuonekana na nguo yake, wala si dhambi. Lakini tumetazama namna inavyofanywa katika shule nyingi, nasi twaona kasoro.

Kwanza, tangazo lenyewe. Wanafunzi waambiwa waje na mavazi ya heshima. Heshima gani? Hakuna anayeeleza. Asubuhi mwalimu wa zamu asimama mlangoni na kuwapima wasichana kwa macho: sketi hii fupi, blauzi hii yabana, rudi nyumbani! Na mvulana aliyeshusha suruali hata chupi yaonekana? Yeye apita akicheka. Tena mwalimu anayetaja mwili wa msichana kwa sauti mbele ya wenzake amevunja heshima kuliko hiyo sketi.

Lakini jambo kubwa si urefu wa sketi. Jambo kubwa ni yule asiyekuja. Karibu kila darasa lina mtoto ambaye siku hiyo anashikwa na malaria, na kesho yake amepona. Nyeupe na buluu huficha mengi. Mtoto wa muuza makaa na mtoto wa tajiri wakisimama mstari mmoja, mgeni hawezi kuwatenga upesi. Siku ya mavazi huru hata mgeni awatenga.

Mama yake ajua. Wiki nzima anazunguka soko la Kadutu kule Bukavu, au la Kenya kule Lubumbashi, akipekua marundo ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya. Anatafuta kiatu kisicho na tundu, na fedha ya unga yaishia pale. Mama mmoja alitueleza kwamba aliazima suruali kwa jirani; mwenye suruali akaitambua uwanjani, akaitangaza. Kijana hakurudi shuleni siku tatu.

Tutaambiwa kwamba Wakongomani ndivyo tulivyo, twapenda nguo. Ni kweli. Marehemu Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016, alieneza sifa ya wavaaji wa Kinshasa mbali sana. Lakini mtu mzima hununua koti kwa jasho lake (au kwa deni, hilo ni shauri lake). Mtoto wa darasa la tano hana jasho la kuuza.

Mabaya zaidi ni zile shule zinazotoza fedha ili mtoto aruhusiwe kuacha nyeupe na buluu. Tangu mwaka 2019 mafundisho ya msingi katika shule za umma ni bure, hata katika shule za Kanisa zilizo chini ya mapatano ya 1977 na Serikali. Basi kwa mlango gani fedha hiyo imeingia tena? Wazazi, ulizeni katika mkutano wa shule.

Bwana Direkta, twakuomba hivi. Toa habari wiki mbili mbele. Sema wazi: mabega na magoti yafunikwe, suruali ikae kiunoni, kwa wasichana na wavulana sawasawa. Sema kwamba nguo safi ya nyumbani yatosha, na kikwembe kilichopauka ni kikwembe. Atakayevaa nguo isiyofaa aitwe kando, apewe kitambaa cha kujifunga, aendelee na sikukuu. Na anayependa kuja na nyeupe na buluu aje nayo. Walimu wawili watatu nao wavae shati nyeupe na suruali ya buluu siku hiyo, ili mtoto wa muuza makaa asiwe peke yake uwanjani.