Uteuzi Usio na Mteuzi

Mwaka jana mdogo wangu alikuwa akijiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Usiku mmoja akaniuliza kwa nini twiga ana shingo ndefu. Nikamjibu bila kufikiri: alijinyoosha miaka na miaka ili afikie majani ya juu. Akaandika. Baada ya dakika chache nikamwambia afute. Nilikuwa nimempa maelezo ya Lamarck, yale ambayo wanafunzi hufundishwa ili wajue kwa nini yalikataliwa.

Sikukosea kwa kutojua. Nilikosea kwa sababu jibu sahihi ni gumu kulisimulia. Hadithi hutaka mhusika mwenye haja ya kitu, na twiga wangu alitaka majani.

Mimi nasoma fasihi. Wiki hiyo nilikirudia kitabu cha Jonathan Weiner, The Beak of the Finch, kilichotoka mwaka 1994 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Safari hii nilikisoma kama ninavyosoma riwaya, nikiuliza nani anatenda na nani anatendwa. Ni kitabu kizuri sana, lakini nina ugomvi nacho.

Weiner anafuatilia kazi ya Peter na Rosemary Grant, mume na mke, wanabaiolojia walioanza mwaka 1973 kwenda Daphne Major, kisiwa kidogo kikavu katika visiwa vya Galápagos, nchini Ecuador. Huko waliwachunguza finchi, ndege wadogo wala mbegu, wenye umbo la chiriku. Waliwakamata, wakawavisha pete miguuni na kuwapima midomo. Darwin aliamini kwamba mabadiliko yanayoletwa na uteuzi asilia huenda polepole mno, kiasi kwamba binadamu hawezi kuyashuhudia. Akina Grant waliyashuhudia.

Mwaka 1977 mvua ilikosekana. Mbegu ndogo na laini zililiwa zikaisha. Zilizobaki nyingi zilikuwa kubwa na ngumu, zikiwemo za mmea wa jamii ya mbigili. Aliyewahi kukanyaga mbigili pekupeku hahitaji kuelezwa ugumu wake. Ndege wenye mdomo mnene waliweza kuzipasua, lakini wengi wenye mdomo mwembamba walishindwa. Kati ya finchi wa aina ya ukubwa wa kati, walitoweka zaidi ya wanane katika kila kumi. Waliobaki, kwa wastani, walikuwa na midomo minene zaidi ya ile ya kundi la awali kwa takriban nusu milimita. Na kwa kuwa unene wa mdomo hurithiwa, vifaranga walioanguliwa mvua iliporudi nao walikuwa na midomo minene.

Hapa ndipo Weiner anaponishika. Anaifanya nusu milimita ionekane kwa macho. Unapomsoma huwezi tena kufikiri kwamba kuna ndege aliyejitahidi akanenepesha mdomo. Kila ndege alikufa na mdomo ule ule aliokua nao. Kilichobadilika ni kundi, na lilibadilika kwa sababu wengi hawakuwepo tena siku ya kupimwa.

Nilipojaribu kumweleza hayo mdogo wangu, maneno yalinigomea. Tumezoea kusema wanyama "hujibadilisha" kulingana na mazingira, na ile "ji" inampa mnyama nia ambayo hakuwa nayo. Tunasema "uteuzi asilia", na katika masikio yetu uteuzi una mteuzi. Tunausikia kwenye taarifa ya habari ya usiku, halafu aliyeteuliwa anapongezwa. Mimi ningependa neno "mchujo". Chujio la tui halimpendi wala halimchukii mtu. Lina matundu ya ukubwa fulani, basi. Lakini hata chujio hushikwa na mkono, na mwaka 1977 pale kisiwani hapakuwa na mkono.

Weiner naye alikuwa na tatizo hilo hilo la mhusika. Alilitatua kwa kuwafanya akina Grant kuwa mashujaa wake: subira yao, mahema yao, jua la kisiwa. Simlaumu, maana wanastahili. Lakini utatuzi huo una gharama. Kwa watafiti, ukame ule ndio ulioleta jibu la swali lao, na msomaji anayewapenda watafiti hujikuta anaufurahia ukame. Mimi niliufurahia. Ndege waliokufa wakawa ushahidi, na waliobaki wakawa washindi.

Neno hilo, washindi, ndilo lililonirudisha nyumbani. Ukame wa mwaka 2009 ulipoikumba kaskazini mwa Tanzania, mjomba wangu wa Longido alibakiwa na ng'ombe wanne. Wazee waliwatazama wale wanne wakasema hao ndio ng'ombe wa kweli. Mjomba alipoondoka kwenda Arusha kulinda geti la watu, yakasemwa mengine, kwamba mfugaji hodari hamalizi ng'ombe. Jirani yake alikuwa amebakiwa na wengi. Tofauti yao haikuwa uhodari. Jirani alikuwa na shemeji mwenye malisho upande uliokuwa na maji.

Najua kuhama kwa mjomba si mageuko ya viumbe, na mtu si finchi. Lakini sentensi inayotumika ni ile ile: aliyebaki ndiye aliyekuwa bora. Tukiizoea kwa ndege, huwa rahisi kuisema kwa watu, tena kwa sauti ya mtu anayetaja sayansi.

Kitabu chenyewe kina jibu. Mwaka 1983 mvua kubwa za El Niño zilikifunika kisiwa kwa majani. Mbegu ndogo zikazagaa, zile kubwa zikapungua. Ukavu uliporudi miaka iliyofuata, waliosalia zaidi walikuwa ndege wadogo wenye midomo midogo. Mdomo mnene uliookoa maisha mwaka 1977 ulikuwa sasa mzigo. Kwa hiyo "bora" haikuwa sifa ya ndege peke yake. Ilikuwa makubaliano ya muda kati ya mdomo na mbegu, na mbegu zilibadilika. Weiner anayasimulia haya vizuri, ila natamani angekaa hapo zaidi kabla ya kusonga mbele. Kwangu huo ndio moyo wa kitabu.

Twiga tulimwacha. Wataalamu bado wanabishana kuhusu shingo yake, na mimi nilishamharibu vya kutosha. Tuliandika kuhusu finchi. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini mdogo wangu, kama mimi, huelewa kwanza kwa Kiswahili, kwa hiyo tukaanza hivi: ndege walitofautiana midomo, mvua ikakosekana, wengi wenye midomo myembamba wakafa kabla ya kuzaa, waliobaki wakazaa watoto wanaofanana nao.

Akaisoma, akasema haina mtu anayefanya kitu. Nikamwambia aiache hivyo hivyo. Kisha akaongeza mstari mmoja chini yake, bila kuniuliza: mvua zilipobadilika, wakabaki wengine.